Ted Lewis: Aliyeacha Mpira Akashika Chaki

Wako vijana wadhaniao kwamba mchezaji hodari hana haja ya kitabu. Kila niwasikiapo, mimi humkumbuka Edward Morgan Lewis, ambaye Wamarekani walimwita Ted.

Lewis alizaliwa Machynlleth, nchini Wales, siku ya Krismasi ya mwaka 1872. Alipokuwa na umri wa miaka minane jamaa yake ilihamia Marekani, ikakaa Utica, jimbo la New York. Alisoma Chuo cha Williams, akahitimu mwaka 1896, na mwaka uo huo akaajiriwa na timu ya besiboli ya Boston.

Kazi yake uwanjani ilikuwa kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo, amshinde asiupige. Ni kazi ngumu, maana mrushaji akilegea timu nzima huumia. Mwaka 1897 alishinda mechi 21, na mwaka 1898 akashinda 26 na kushindwa 8 tu. Miaka yote hiyo miwili timu yake ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Taifa. Lakini Jumapili hakucheza kamwe, kwani alikuwa mtu wa dini.

Mwaka 1901 alihamia timu nyingine ya Boston katika ligi mpya, timu ambayo leo huitwa Red Sox. Msimu ulipokwisha akauaga mchezo. Alikuwa na miaka 28 tu, na jumla ya ushindi wake ni 94. Hapa ndipo nimvuliapo kofia. Wengi hungoja mpaka mchezo uwaache. Yeye aliuacha angali na nguvu, akashika chaki.

Alifundisha Chuo Kikuu cha Columbia, kisha Williams. Mwaka 1911 aliingia Chuo cha Kilimo cha Massachusetts, akapanda ngazi hadi akawa mkuu wake. Huko akafanya urafiki na mshairi Robert Frost, kwani wote wawili walipenda mashairi na besiboli pia.

Tangu mwaka 1927 aliongoza Chuo Kikuu cha New Hampshire mjini Durham, akakivusha katika miaka ya dhiki ya uchumi iliyoanza 1929. Alikufa Mei 1936, akiwa bado kazini.

Basi ninyi wachezaji wetu, kipaji ni cha ujana, lakini elimu huzeeka na mwenyewe. Lewis alicheza miaka sita. Akafundisha na kuongoza vyuo zaidi ya thelathini.