Michael Owens na Moto Unaong'arisha Kioo

1. Tazama bilauri yako

Ndugu msomaji, chukua bilauri ya kioo, ile ya kunywea maji. Pitisha kidole chako polepole juu ya ukingo wake. Ukingo ni laini. Haukati mdomo. Sasa chukua chupa ya soda. Pitisha ukucha ubavuni mwake. Mara nyingi utagusa mstari mwembamba unaotoka chini kwenda juu. Mstari huo ni alama ya kalibu. Kalibu ni umbo la chuma lenye vipande viwili. Kioo kilichoyeyuka hutiwa ndani yake, nacho hupata sura ya chupa au bilauri. Pale vipande viwili vinapokutana ndipo panapobaki mstari.

Kwa nini ukingo wa bilauri ni laini? Ni kwa sababu umepitishwa kwenye moto mkali. Moto huo hulainisha kioo na kukifanya king'ae.

Habari hii ni ya mtu aliyeanza kazi akiwa mtoto, akitia makaa katika moto wa namna hiyo. Baadaye alibadili kazi ya kioo duniani kote. Jina lake lilikuwa Michael Joseph Owens.

2. Mtoto wa mchimba makaa

Michael Owens alizaliwa tarehe 1 Januari, 1859, katika wilaya ya Mason, nchini Marekani. Sehemu hiyo ilikuwa katika jimbo la Virginia. Mwaka 1863 ikawa katika jimbo jipya la West Virginia. Wazazi wake walikuwa wametoka Ireland. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Nyumbani walikuwa na watoto wengi, na pesa zilikuwa haba.

Familia ilihamia mji wa Wheeling, kando ya mto Ohio. Mji huo ulikuwa na viwanda vingi vya kioo. Viwanda vilijengwa hapo kwa sababu makaa yalipatikana karibu, na mto ulirahisisha usafiri. Kiwanda kimoja kikubwa kiliitwa Hobbs, Brockunier. Michael alipofika umri wa miaka 10 aliingia humo kufanya kazi. Shule akaiacha.

Kazi yake ilikuwa kutia makaa kwa sepetu katika tanuri dogo. Tanuri hilo lilikuwa na tundu mbele. Ndani yake moto uliwaka kwa nguvu sana. Wafanyakazi wa Marekani waliliita tundu la utukufu. Lakini kwa mtoto aliyelilisha makaa, hapakuwa na utukufu wowote. Palikuwa na joto, vumbi na moshi. Jioni alirudi nyumbani mweusi kwa vumbi la makaa.

3. Kazi ya tundu la moto

Moto huo ulikuwa wa nini? Kiwanda cha Hobbs, Brockunier kilisifika kwa vyombo vya kioo vilivyoshindiliwa katika kalibu. Mwaka 1864 fundi mkuu wake, William Leighton, alipata njia ya kutengeneza kioo kizuri kwa soda na chokaa badala ya risasi. Kioo hicho kilikuwa cha bei nafuu. Watu wa kawaida waliweza kununua sahani, mabakuli na bilauri. Lakini kioo hicho kilikuwa na tabia moja: kilipoa haraka. Kwa hiyo mafundi walilazimika kwenda mbio.

Kazi ilifanyika hivi. Fundi mmoja alichota kioo kilichoyeyuka kwa fimbo ya chuma. Alikidondosha katika kalibu. Fundi wa pili alikikata kwa mkasi, kisha akavuta mkono wa mashine. Chuma kilishuka na kukishindilia kioo mpaka kikajaa kalibu. Kalibu ikafunguliwa, na chombo kikatoka.

Chombo kilikuwa na sura yake, lakini hakikuwa kizuri bado. Chuma cha kalibu kina baridi kuliko kioo kilichoyeyuka. Ngozi ya kioo inapogusa chuma hupoa ghafula. Hukunjamana kidogo, hufifia, na hubaki na mistari ya kalibu. Hapo ndipo tundu la moto lilipohitajika.

Chombo kilishikwa kwa fimbo yenye kibanio, kikaingizwa katika tundu. Fundi alikizungusha bila kusimama. Kioo cha kawaida huanza kulegea katika joto la karibu digrii 700 za Sentigredi. Ndani ya tundu joto hupita digrii 1,000. Ngozi ya nje ya kioo ililegea kabla ya sehemu ya ndani. Kioo kilicholegea hujivuta chenyewe na kuwa laini, kama asali inavyojisawazisha juu ya sahani. Mikunjo ikaondoka. Mistari ikafifia. Makali yakawa mviringo. Kioo kikang'aa bila kusuguliwa.

Kazi hii ilitaka kipimo. Chombo kikitolewa mapema, mistari ilibaki. Kikichelewa, kilipinda na nakshi zake zikayeyuka. Moto nao ulitakiwa uwe sawasawa. Ukipungua, kioo hakikulainika. Ukiwa na moshi mwingi, kioo kilichafuka. Kwa hiyo fundi mkubwa alimtegemea mtoto mwenye sepetu. Mtoto akizembea, chombo kiliharibika.

Baada ya moto, mtoto mwingine alikibeba chombo mbio hadi katika tanuri la kupozea. Humo kilipoa polepole. Kioo kikipoa ghafula hupasuka.

4. Kutoka mtoto wa makaa hadi fundi

Michael hakubaki kwenye makaa. Alipanda kazi moja baada ya nyingine. Alibeba vyombo. Alifungua na kufunga kalibu. Alitazama mafundi walivyofanya, akajifunza. Alipofika umri wa miaka 15 alikuwa fundi wa kupuliza kioo. Fundi huyo huchota kioo kwa bomba refu la chuma, hupuliza kwa pumzi yake, na kioo hujaa hewa kama kibofu.

Mafundi wa kioo walikuwa watu wenye kiburi cha kazi. Ujuzi wao ulichukua miaka mingi kujifunza. Walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, nacho kilikuwa na nguvu. Owens alikuwa mwanachama hodari wa chama hicho. Alitetea mishahara ya wenzake.

Mwaka 1888 tajiri mmoja aliyeitwa Edward Drummond Libbey alihamisha kiwanda chake. Alikitoa jimbo la Massachusetts na kukipeleka mji wa Toledo, katika jimbo la Ohio. Huko Ohio palikuwa na gesi ya ardhini. Gesi huwaka bila majivu, na moto wake hupunguzwa au kuongezwa kwa kufungua bomba tu. Hii ilikuwa nafuu kubwa kwa kazi ya kioo. Libbey alitafuta mafundi Wheeling, na Owens akaenda Toledo. Baada ya muda mfupi Libbey alimfanya msimamizi wa kiwanda.

5. Mashine ya kwanza

Mwaka 1891 Owens alipelekwa mji wa Findlay, Ohio, kusimamia utengenezaji wa globu za taa za umeme. Kila mpulizaji alihitaji mtoto wa kukaa chini karibu na miguu yake. Kazi ya mtoto huyo ilikuwa kufungua na kufunga kalibu, siku nzima. Owens aliijua kazi hiyo vizuri, maana aliwahi kuifanya. Alibuni chombo rahisi. Mpulizaji aliweza kufungua na kufunga kalibu mwenyewe kwa mguu. Mtoto hakuhitajika tena.

Mwaka 1893 palikuwa na maonyesho makubwa ya dunia katika mji wa Chicago. Libbey alijenga banda lenye tanuri, na Owens akalisimamia. Watu wengi walikuja kuona kioo kikitengenezwa mbele ya macho yao.

Kisha Owens alitengeneza mashine iliyopuliza kwa hewa ya pampu badala ya pumzi ya mtu. Mashine hiyo ilitengeneza globu, bilauri na chemni za taa za mafuta. Bilauri zilizopulizwa namna hiyo hukatwa juu zikishapoa kidogo. Ukingo uliokatwa huwa mkali kama wembe. Kwa hiyo bilauri huzungushwa mbele ya ndimi za moto wa gesi mpaka ukingo uyeyuke kidogo na kuwa mviringo. Moto ule aliolisha utotoni ulikuwa bado una kazi.

6. Mashine ya chupa

Chupa zilikuwa ngumu zaidi. Mashine za wakati ule zilihitaji mtu wa kuchota kioo. Owens alitaka mashine ifanye kazi yote. Mwaka 1899 alianza majaribio. Alitumia pampu ya mkono, mfano wa pampu ya baiskeli. Alivuta mpini, kioo kikafyonzwa juu na kuingia katika kalibu. Kisha akasukuma mpini, hewa ikakipuliza kioo kikawa chupa. Majaribio yakaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana.

Owens hakuwa na elimu ya shule ya kutosha kuchora mashine kubwa. Lakini hakukata tamaa. Alieleza mawazo yake, nao wahandisi, akiwemo Emil Bock, wakachora na kuunda. Libbey akatoa fedha. Waliunda mashine, wakaijaribu, wakaitupa, wakaunda nyingine. Mwaka 1903 walipata mashine iliyofanya kazi vizuri, na kampuni ya mashine hizo ikaanzishwa. Mwaka 1904 serikali ya Marekani ilimpa Owens hati ya ubunifu.

Mashine hiyo ilikuwa na mikono kadhaa iliyozunguka. Kila mkono ulishuka, ukafyonza kioo, kisu kikakata, kalibu ikabadilishwa, na hewa ikapuliza. Chupa ikatoka. Mkono ukaendelea, na mwingine ukafuata. Mashine haikuchoka usiku wala mchana. Gharama ya kutengeneza chupa ilishuka sana. Chupa zote zikawa na ujazo sawa na mdomo sawa. Dawa, maziwa na vinywaji vikaweza kufungwa kwa usafi na kupimwa kwa haki.

7. Watoto na mafundi

Sasa tufikiri juu ya watu. Wakati huo maelfu ya wavulana wa Marekani walifanya kazi katika viwanda vya kioo. Wengine walifanya kazi usiku. Waliungua, walikatwa na vipande vya kioo, walikosa shule. Mwaka 1908 mpiga picha Lewis Hine aliwapiga picha katika viwanda vya West Virginia, jimbo lile lile alikozaliwa Owens. Picha zake ziliwaonyesha wananchi unyonyaji wa watoto.

Mwaka 1904 ilikuwa imeundwa kamati ya taifa ya kupiga vita kazi za watoto. Mwaka 1913 kamati hiyo ilikiri kwamba mashine ya Owens iliwaondoa watoto viwandani kuliko sheria zilivyoweza hadi wakati huo. Sheria ya Marekani yote yenye nguvu ilipatikana baadaye, mwaka 1938.

Lakini mashine hiyo hiyo iliwaondoa pia mafundi watu wazima. Wapulizaji waliokuwa wamejifunza kwa miaka mingi waliona ujuzi wao hauhitajiki. Walipunguziwa mishahara, kisha wengi wakakosa kazi. Hao walikuwa watu wa chama kile ambacho Owens mwenyewe alikitetea ujanani. Tena, mashine ilikuwa mali ya kampuni. Kampuni ilichagua nani aruhusiwe kuitumia, na kwa malipo gani. Faida kubwa ilikwenda kwa wenye kampuni, naye Owens akawa tajiri.

Kwa hiyo mashine moja ilileta mema na machungu pamoja. Mtoto aliondolewa motoni. Fundi aliondolewa kazini.

8. Mwisho wa maisha yake

Owens hakupumzika. Alishughulika pia na mashine ya kutengeneza vioo bapa vya madirisha. Mwaka 1916 yeye na Libbey walianzisha kampuni ya vioo hivyo. Tarehe 27 Desemba, 1923, alikuwa katika mkutano wa wakurugenzi huko Toledo. Aliugua ghafula, akafariki siku hiyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 64.

Mwaka 1965 chuo cha ufundi kilianzishwa karibu na Toledo na kupewa jina lake. Mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 10 amekuwa jina la chuo.

Na ule moto wa kung'arisha haukufa. Viwandani vyombo hupita mbele ya safu za ndimi za moto wa gesi iliyochanganywa na hewa au oksijeni. Chombo huzunguka, moto hulamba ngozi yake kwa muda mfupi, kioo hulainika na kung'aa. Hapana mtoto wa kutia makaa. Ukingo wa bilauri unapogusa mdomo wako bila kuukata, kumbuka kwamba kazi hiyo zamani ilifanywa kwa mikono ya watoto.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini chombo kilichotoka katika kalibu kilirudishwa kwenye moto?
2. Kingetokea nini kama chombo kingekaa motoni muda mrefu mno?
3. Kwa nini gesi ilikuwa bora kuliko makaa katika kazi hii?
4. Mashine ya Owens iliwasaidia nani? Iliwaumiza nani?
5. Je, kijijini kwenu kuna chombo au mashine iliyobadili kazi za watu? Nani alipata nafuu, na nani alipata hasara? Wale waliopata hasara wangeweza kusaidiwaje?