Kakoma, mwalimu aliyetupa wimbo wa taifa

Marehemu George Wilberforce Kakoma, aliyezaliwa mwaka 1923, alikuwa mwalimu wa muziki, fani aliyoisomea hadi London. Mwaka 1962, Uganda ikijiandaa kwa uhuru, ndiye aliyetunga wimbo wa taifa. Ni mfupi mno: bendi ya jeshi humaliza ubeti kabla mgeni hajavua kofia.

Sisi tuliosomea uhamishoni Kenya tulijua kwanza wimbo wa huko, uliotokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto. Huu wetu nilijifunzia hapa Mukuju, nikiwa tayari mwalimu, nikifuatisha sauti za wanafunzi.

Kakoma alilipwa kiduchu. Uzeeni aliishtaki serikali akidai haki ya mtunzi, na kwa maoni yangu alifanya vyema. Alifariki mwaka 2012.