Eddington, mtu aliyekataa bunduki akafuata kivuli cha jua

Jioni ya tarehe 29 mwezi wa tano 1919, jua lilipatwa huku kwetu Kasongo na Kabambare. Mchana ule, kivuli kilikuwa kimepita kisiwa cha Principe, magharibi mwa Afrika, ambako Arthur Eddington alikuwa anakingojea.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1882. Baba alimwacha mdogo sana, mama akamlea. Alisoma mpaka akawa mkubwa wa jumba la kuangalia nyota pale Cambridge. Wakati wa vita kubwa ya kwanza, wazee wetu wakibebeshwa mizigo ya jeshi kuelekea Tabora, yeye alikataa kupigana juu ya imani ya kanisa lake, la Marafiki. Wakamwachilia kwa sharti: atayarishe safari ya kupatwa kwa jua.

Principe mvua ilinyesha asubuhi, mawingu yakasumbua. Picha chache tu zilifaa. Pamoja na zile za Brazil, zikaonyesha mwanga wa nyota unapinda karibu na jua, vile Einstein alivyosema. Einstein alizaliwa Ujerumani, kwa adui. Eddington akamtetea hata hivyo.

Alifariki mwaka wa 1944.