EDWIN LAND: Mvumbuzi wa utando wa kuzuia mng'ao katika miwani ya jua aliyetaka kuokoa roho za madereva

MSIMU wa joto unapobisha hodi Ulaya na Marekani, maduka hufurika miwani ya jua ya kila sampuli: yenye fremu nene, ya mviringo, ya rubani, na ile iliyochongoka pembeni mithili ya macho ya paka.

Wanunuzi hubishana kuhusu fremu. Ni wachache mno wanaojiuliza kuhusu kioo chenyewe, na wachache zaidi wanaolikumbuka jina la Edwin Herbert Land, mtu aliyekifanya kioo hicho kiwe na kazi kuliko kutia giza tu machoni.

Land alizaliwa Mei 7, 1909, mjini Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Babu na nyanya yake walikuwa wamehamia huko kutoka Odessa, naye baba yake alifanya biashara ya vyuma vikuukuu.

Akiwa kijana mdogo kwenye kambi ya likizo, alimwona msimamizi wa wavulana akitumia kipande cha fuwele kuufuta mng'ao uliokuwa umetanda juu ya meza. Tangu siku hiyo akili yake haikutulia.

Nuru husafiri kama mawimbi yanayotikisika pande zote. Lakini inapodunda juu ya maji, theluji au lami, sehemu kubwa ya mtikisiko huo huwa wa kulala, na huo ndio mng'ao unaochoma macho. Kichujio kinachofanya kazi kama ua wa fito zilizosimama wima huuzuia mtikisiko wa kulala na kuipitisha nuru iliyosalia.

Wanasayansi walilijua jambo hilo zamani. Tatizo lilikuwa kwamba fuwele za kufanyia kazi hiyo zilikuwa ghali, ndogo na dhaifu. Mnamo 1852 daktari Mwingereza, William Herapath, alieleza kuhusu fuwele za ajabu zilizotokana na kwinini, dawa ile ile ya malaria, ilipochanganyika na iodini. Zilipatikana mara ya kwanza katika mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini! Kwa miongo mingi watu walijaribu kuzikuza ziwe kubwa, wakashindwa.

Mnamo 1926 Land alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, lakini kabla ya mwaka kwisha akaondoka, akaenda New York. Mchana alizama vitabuni katika maktaba ya umma ya jiji hilo. Usiku, inasimuliwa, aliingia kwa siri katika maabara ya Chuo Kikuu cha Columbia kufanya majaribio yake.

Badala ya kuhangaika na fuwele moja kubwa, Land alizisaga ziwe mamilioni ya chembe, akazitandaza ndani ya utando wa plastiki na kuzilaza zote upande mmoja. Utando huo ukafanya kazi ya fuwele moja pana. Mnamo 1929, akiwa bado hajatimu miaka 21, aliwasilisha ombi la hataza.

Mwaka huo huo alimwoa Helen Maislen, maarufu kama Terre, na kurejea Harvard. Hata hivyo, hakuwahi kumaliza masomo. Shahada ya uzamifu ambayo chuo hicho kilimtunuku baadaye ilikuwa ya heshima tu, japo wafanyakazi wake hawakukoma kumwita Daktari Land.

Ieleweke kwamba shabaha yake haikuwa fasheni. Land alitaka kukomesha ajali za usiku. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha gari usiku kati ya Mombasa na Nairobi anaifahamu adha aliyoilenga: taa za lori linalokuja humpofusha dereva kwa sekunde chache, na sekunde hizo zatosha kumwangamiza.

Kwa mujibu wa mpango wake, kila gari lingewekwa utando huo kwenye taa na mbele ya macho ya dereva, kwa mshazari mmoja. Dereva angeona barabara kwa taa zake mwenyewe, lakini zile za gari linalomkabili zingefifia kabisa.

Mwaka wa 1932 alianzisha maabara pamoja na George Wheelwright, aliyekuwa mwalimu wake wa fizikia. Pesa ziliwapa taabu, na hapo ndipo miwani ilipoingia.

Mnamo 1935 Land alikodi chumba katika hoteli moja mjini Boston, akaweka chombo cha samaki dirishani palipopigwa na jua kali. Wakuu wa kampuni ya American Optical walipofika, hawakuona chochote majini ila mng'ao. Akawapa kipande cha utando wakitazame chombo kupitia kwacho, na samaki wakajitokeza. Mkataba wa miwani ya jua ukatiwa saini.

Kampuni ya Polaroid iliundwa mnamo 1937. Wavuvi, madereva na watalii wa fukweni waliipenda miwani hiyo. Lakini watengenezaji wa magari mjini Detroit walisitasita. Walilalamika kuwa taa zingehitaji nguvu zaidi na kwamba mpango usingefaa kitu hadi magari yote yawekwe utando. Kufikia 1947 waliukataa. Ndoto iliyomtoa Land chuoni ikafia hapo, huku kitu alichokiuza ili kuigharamia kikimpatia jina.

Hakukaa akaomboleza. Mnamo 1943, akiwa likizoni Santa Fe, bintiye mdogo alimwuliza ni kwa nini hawezi kuiona picha aliyopigwa papo hapo. Novemba 26, 1948, kamera inayotoa picha yenyewe iliuzwa kwa mara ya kwanza Boston, kwa dola 89.75.

Ni kamera hizo zilizoipaka kampuni yake doa barani Afrika. Mnamo 1970 wafanyakazi wawili Waafrika-Wamarekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya Polaroid ilitumiwa na utawala wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini kupiga picha za vitabu vya pasi. Wakenya waliosimuliwa na wazee wao kuhusu kipande shingoni hawahitaji kuelezwa uzito wa kitabu hicho.

Wawili hao waliitisha mgomo wa wanunuzi, na Hunter akafutwa kazi mwaka uliofuata. Kampuni iliahidi kutouzia serikali hiyo bidhaa, lakini iliendelea kufanya biashara nchini humo kupitia wakala. Ilijiondoa tu mnamo 1977, ilipofichuka kuwa wakala huyo alikuwa akiiuzia serikali kisirisiri. Kwa mtu aliyejivunia kuwajali wafanyakazi wake, Land alichelewa mno kuwasikiliza hawa wawili.

Mwaka huo huo wa 1977 alizindua mtambo wa filamu za nyumbani, Polavision, ambao ulianguka vibaya sokoni. Mnamo 1980 aliachia usukani wa kampuni aliyoiasisi, na miaka miwili baadaye akajitoa kabisa.

Land aliaga dunia Machi 1, 1991, mjini Cambridge, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 81. Aliacha hataza 535 kwa jina lake.

Polaroid iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mnamo 2001, baada ya kamera za dijitali kuliteka soko. Biashara ya miwani ilinusurika, na mnamo 2012 ilinunuliwa na kampuni ya Safilo ya Italia. Nazo taa za magari hazijawekwa utando wake hadi leo.