William Le Queux: mwandishi aliyewafanya wakaaji wa London waogope majirani wao

Mwezi wa tatu mwaka 1906, wanaume waliovaa sare za askari wa Ujerumani walitembea katika barabara za London. Hawakuwa askari. Walilipwa kutangaza hadithi mpya ya gazeti la Daily Mail, iliyosimulia jinsi Wajerumani wangeivamia Uingereza mwaka 1910, kuupiga mji mkuu kwa mizinga na kuuingia.

Mwenye kuiandika, William Le Queux, alizaliwa London mwaka 1864, baba yake akiwa Mfaransa. Alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuanza kuishi kwa vitabu.

Wakati huo wasiwasi ulikuwa mwingi. Katika vita dhidi ya Makaburu wa Afrika Kusini, vilivyokwisha mwaka 1902, vijana wengi wa mijini walikataliwa jeshini kwa sababu ya afya mbaya. Watu wakajiuliza ni nani angeulinda mji mkuu wenye vijana dhaifu namna hiyo. Le Queux akaandikia hofu hiyo.

Lord Roberts, mkuu wa zamani wa jeshi, alimsaidia kupanga njia ya wavamizi. Mwenye gazeti akaikataa, kwani ilipita vijijini, kwenye wasomaji wachache. Basi Wajerumani wa hadithi wakapitishwa katika miji yenye wanunuzi, na gazeti likauzwa sana.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika kitabu chake cha mwaka 1894, wavamizi walikuwa Wafaransa na Warusi, na Wajerumani ndio waliokuja kuwasaidia Waingereza! Siasa ya Ulaya ilipogeuka, naye akabadilisha adui.

Mwaka 1909 alitoa kitabu kuhusu wapelelezi wa Ujerumani. Wasomaji wakamwandikia barua wakiwashtaki vinyozi na wahudumu wa hoteli wa kigeni. Barua hizo zilifika hadi kwa maofisa, na mwaka huohuo serikali ikaunda idara ya upelelezi. Kundi kubwa la wapelelezi alilolieleza halikuwepo kamwe. Lakini mwezi wa tano 1915, wakati wa vita, umati wa watu ulivunja maduka ya Wajerumani London, hata ya waoka mikate waliokaa huko miaka mingi.

Yeye mwenyewe aliomba polisi wamlinde, akidai Wajerumani wanataka kumuua. Polisi walikataa. Alifariki mwaka 1927 huko Knokke, Ubelgiji, nchi ambayo Wajerumani waliivamia kweli mwaka 1914.