Ibn Sina alitangulia kutuambia kuhusu kifafa

Mtoto wa jirani yangu hapa Majengo, Pumwani, akianguka kifafa, watu husema ana jini. Mimi humkumbuka Ibn Sina. Alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, akahifadhi Qur'ani akiwa na miaka 10, akamtibu amiri angali kijana. Akawa waziri, akafungwa, asiache kuandika. Katika Al-Qanun alieleza kifafa kuwa ni maradhi ya ubongo. Alifariki Hamadan mwaka 1037.

Leo takriban theluthi moja ya wagonjwa dawa haziwatoshi. Wataalamu wanajaribu kuutuliza ubongo kwa sumaku au umeme hafifu, bila kupasua kichwa. Ndugu zangu, dua tusiache, lakini mtoto tumpeleke hospitali.