Williams wa Monaco

Washabiki wengi wa magari hawamjui William Grover-Williams, nami naona hiyo si haki. Mwingereza huyu alizaliwa Ufaransa mwaka 1903, akawa dereva wa mchoraji William Orpen. Mashindanoni alijiita Williams tu. Tarehe 14 Aprili 1929, katika mashindano ya kwanza ya Monaco, aliendesha Bugatti ya kijani mizunguko 100 kando ya bandari, katika barabara ambazo ukikosea kidogo tu umo ukutani. Alimshinda hata Caracciola na Mercedes yake kubwa.

Wakati wa vita aliingia Ufaransa kwa siri kupambana na Wajerumani. Walimkamata Agosti 1943, wakamuua kambini Sachsenhausen mwaka 1945. Robert Benoist, mwenzake wa magari na wa ujasusi, walimwua Buchenwald mwaka 1944.